Shangazi, wenzangu wanakatwa kila mwezi lakini mafao hawayaoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Makorora, Tanga. Wanachama wengi ni watu wa mishahara midogo: wapo wa viwandani, wa gesti na hoteli, wauza maduka, na wengine ndugu zao ni vibarua wa mkonge huko Muheza. Kwa kuwa ndiye ninayeshika daftari na nilimaliza kidato cha nne, watu wamezoea kuniletea karatasi zinazowashinda. Zamani zilikuwa fomu za shule na barua za serikali ya mtaa. Siku hizi ni mambo ya kazini, na yamenizidi. Nakuletea matatu tu.

Wa kwanza anafunga bidhaa kiwandani. Mshahara wake kwenye slipu ni shilingi 340,000. Anakatwa 34,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi 5,600. Alisikia redioni kwamba wa kipato cha chini ana nafuu ya kodi, akamwuliza mhasibu. Alijibiwa kuwa kodi ni kodi, serikali haimrudishii mtu kitu. Anataka kujua kama kweli ana la kudai.

Wa pili ni mhudumu wa hoteli. Yuko mwaka wa nne kazini na sasa ana mimba ya miezi mitano. Kila mwezi anakatwa NSSF, lakini nilipomsaidia kuomba taarifa ya michango yake tulikuta miezi tisa tu. Meneja kamwambia akikaribia kujifungua apumzike nyumbani, halafu wataangalia kama nafasi bado ipo. Habari ya malipo hakuigusa.

Wa tatu ni shemeji wa mwenzetu. Alikuwa kibarua kwenye korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, analipwa kwa siku. Miezi saba iliyopita mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwajiri alilipia matibabu ya mwanzo pale hospitali ya Bombo, akampa shilingi 100,000 za pole, akamsainisha karatasi ambayo hakupewa nakala yake. Alipouliza habari ya fidia aliambiwa fidia ni ya wenye mikataba, yeye ni deiwaka. Sasa yuko nyumbani, na nyumba inakwenda kwa vitumbua anavyouza mkewe.

Juu ya hayo, ametokea bwana mmoja mwenye steshenari, anasema anawajua watu wa ofisini. Anataka apewe vitambulisho na fomu zilizokwisha tiwa sahihi, afuatilie kila kitu, kisha achukue theluthi ya kitakachopatikana. Wenzangu wawili wako tayari kumpa. Mume wangu ananiambia nijitoe, nisije nikawafukuzisha watu kazi. Nami nikinyamaza roho inanisuta. Je, nina haki ya kuwasaidia? Na nianzie wapi?

Katibu wa kikoba, Makorora

Marahaba, mwanangu.

Anzia kwa huyo aliyekatika vidole. Wale wawili mambo yao yanaweza kungoja wiki, ya huyu hayangoji. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inataka taarifa ya ajali iwe imetolewa ndani ya miezi 12. Saba imekwisha kwenda. Mwajiri wake alipaswa kuupelekea taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ndani ya siku saba tangu aijue ajali. Kama hakupeleka, amevunja sheria yeye, na ukimya wake haumzuii aliyeumia kwenda kutoa taarifa mwenyewe. Nimeisoma barua yako na sehemu hii imeniuma kuliko zote, kwa sababu vibarua wangapi hukaa majumbani na viungo vyao vilivyokatika wakiamini kwamba wakishaambiwa "wewe ni deiwaka" ndio basi, mlango umefungwa.

Haujafungwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haiangalii jina alilokupa mwajiri. Inaangalia kazi ilivyokuwa ikifanyika. Je, kuna mtu aliyekuwa akikupangia namna ya kufanya kazi? Saa zako zilikuwa mikononi mwa nani? Vifaa vilikuwa vya nani? Ulikuwa unategemea malipo ya mtu huyo kuishi? Je, katika miezi mitatu ya mwisho ulimfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Likithibitika moja tu kati ya hayo, sheria inachukulia kuwa wewe ni mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mtu anayeingia korona alfajiri, anasimamiwa na supavaiza na anatumia mashine ya kampuni, anafikisha saa hizo 45 wiki ya kwanza tu.

Sasa karatasi. Apate Bombo cheti au maelezo ya matibabu yanayoonyesha tarehe na namna alivyoumia. Aandike, akisaidiwa nawe, siku, saa, mashine ipi na nani walikuwepo zamu ile, pamoja na namba zao za simu. Atafute chochote kinachoonyesha kwamba alikuwa akilipwa pale: kadi ya kazi, picha ya daftari la malipo, ujumbe wa fedha ulioingia kwenye simu. Kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA, awe nacho. Ile karatasi aliyosainishwa aiombe nakala kwa maandishi. Wakimnyima, aseme hivyo hivyo atakapoulizwa. Shilingi 100,000 ilikuwa pole ya mwajiri, na mtu hupokea pole bila kuuza haki yake. Aende Ofisi ya Kazi ya Mkoa hapo Tanga, aeleze kwamba anataka kutoa taarifa WCF, na asitoke bila karatasi inayoonyesha kwamba amepokelewa na tarehe yake.

Ajue pia anachokwenda kudai, maana asiyejua huridhika na chochote. WCF inagharimia matibabu. Kwa muda ambao ajali imemfanya ashindwe kazi, kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chake. Kwa vidole visivyorudi, daktari hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Na mfuko huu mfanyakazi hauchangii. Mwajiri wa sekta binafsi ndiye anayelipa, asilimia 0.5 ya mishahara yote anayotoa, na haruhusiwi kuikata kwenye mshahara wa mtu. Ukiona kwenye slipu ya mwanachama yeyote makato yaliyoandikwa WCF, hilo ni kosa la kupelekwa Ofisi ya Kazi.

Mhudumu wa hoteli ana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni likizo ya uzazi, na inalipwa na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anastahili hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Hilo la "apumzike nyumbani" halimo kwenye sheria. Ila naye ana wajibu wake: anatakiwa kumjulisha mwajiri kwa cheti cha daktari angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Mimba ni ya miezi mitano, kwa hiyo muda wa kuandika ni sasa, mwezi huu. Aandike barua fupi, abandike nakala ya cheti, ahakikishe nakala yake imegongwa muhuri au imetiwa sahihi na aliyeipokea. Meneja akikataa kusaini, aipeleke akiwa na shahidi, aitume vilevile kwa ujumbe wa simu, na ahifadhi picha ya ujumbe huo.

La pili ni fao la uzazi la NSSF. Hili linataka awe amechangia miezi 36 kwa jumla, na miezi 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Kwa miaka aliyokatwa, angekuwa ameshatimiza. Kwa miezi tisa iliyofika, yuko robo tu ya njia. Ndiyo maana nasema mwajiri anayekata mchango na kuukalia hakuchukua shilingi tu. Amechukua fao la mama, na kesho atachukua pensheni ya uzeeni, ambayo nayo inahesabu miezi 180.

Kabla hamjamshtaki mtu, lakini, angalieni majina. Nimeona mara nyingi michango ikiwa imeingia kwa namba nyingine kwa sababu kwenye NIDA mtu ni Mwanaidi, kwenye kadi ya NSSF ameandikwa Mwanahidi, au jina la tatu ni la babu upande mmoja na la mume upande mwingine. Aende dirishani NSSF na NIDA yake, aombe waangalie kama ana namba zaidi ya moja na waziunganishe. Likiwa si suala la majina, basi apange slipu zake zote mwezi kwa mwezi na taarifa ya michango pembeni, azungushie miezi iliyopotea. Mchango wa mwezi mmoja unatakiwa uwe umefika NSSF ndani ya mwezi unaofuata. Mwenye deni la michango ni mwajiri, NSSF ina wakaguzi wake na ina nguvu ya kumdai mpaka mahakamani. Na wahudumu wenzake pale hotelini karibu hakika wana tundu hilohilo. Wakienda pamoja malalamiko yanakuwa ya hoteli nzima, na hakuna jina moja la kunyooshewa kidole. Angalieni na kiasi pia. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Wapo wanaokatwa zote 20 bila kujua.

Nije kwa huyo wa kiwandani, nami hapa naomba kalamu. Mhasibu kasema kweli kwa jambo moja: kwetu hakuna utaratibu kama wa Marekani, ambako tangu 1975 mfanyakazi wa kipato kidogo huwasilisha hesabu zake za kodi na kulipwa fedha na serikali. Nafuu yetu imewekwa mwanzoni mwa hesabu, na ndiyo maana mhasibu akikosea hesabu, nafuu inapotea kimyakimya. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi ya mshahara. Kinachozidi hapo, mpaka 520,000, kinatozwa asilimia 8. Na kabla ya kuanza kuhesabu, mchango wa mfanyakazi wa NSSF unatolewa kwanza, hautozwi kodi.

Basi fanya: 340,000 toa 34,000, inabaki 306,000. Kilichozidi 270,000 ni 36,000. Asilimia 8 ya 36,000 ni 2,880. Hiyo ndiyo kodi yake. Mhasibu ameanza na 340,000 nzima, akapata ziada ya 70,000, ndipo ikaja 5,600. Anamzidishia shilingi 2,720 kila mwezi. Kwa mwaka ni 32,640, na kwa mtu wa mshahara huo ni sare ya mtoto na madaftari. Kwa hesabu hiyohiyo, mwanachama yeyote anayechangia NSSF na mshahara wake hauzidi 300,000 hapaswi kukatwa kodi hii hata shilingi. Andika mistari hii minne kwenye karatasi safi, ampelekee mhasibu kwa adabu, aombe isahihishwe na alichozidishiwa arudishiwe kwenye mishahara inayofuata. Mara nyingi ni kosa la jedwali tu na linakwisha siku hiyo. Akikataa, karatasi hiyo na slipu ziende ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, ya hapo Tanga. Na mwajiri asiyetoa slipu kabisa akumbushwe kuwa sheria ya ajira inamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake.

Huyo bwana wa steshenari muepukeni kabisa. Kudai fao NSSF ni bure. Kutoa taarifa WCF ni bure. Kufungua lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ni bure. Fomu iliyotiwa sahihi ikiwa tupu, pamoja na nakala ya kitambulisho, inamwezesha mtu kuandika namba ya akaunti anayoitaka yeye. Kama wenzako wawili wameshampa karatasi, wazirudishe leo, na waende kuangalia kama namba za simu na za akaunti zilizoko kwenye kumbukumbu zao ni zao.

Uliniuliza kama una haki ya kuwasaidia. Unayo, na ni kazi yenye heshima. Huko huko Marekani nilikokutajia, mamlaka yao ya kodi inakadiria kwamba takriban mmoja kati ya kila watano wanaostahili malipo yale hayadai, na wapo watu wa kujitolea wanaokaa mezani kuwajazia fomu bila kuwatoza. Kwetu nako wengi hawadai: hajui, anaogopa kaunta, au hana nauli ya kwenda mara mbili. Mtu wa kumsomea slipu, kumwandikia tarehe na kuketi naye kwenye benchi la ofisi anaweza kubadili mambo yote. Mipaka yako iwe hii: asili ya karatasi ibaki kwa mwenyewe, wewe shika nakala; kila sahihi aitie mwenyewe baada ya kusomewa; usiseme kwa niaba yake kazini kwake; na fedha yake isipite kwenye simu yako wala kwenye sanduku la kikoba.

Woga wa mume wako naufahamu, na simlaumu. Kwa hiyo wote wajue jambo hili kabla ya kuanza. Sheria ya ajira haikubali kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba amedai haki yake ya kisheria, wala kwamba ni mjamzito. Akifukuzwa kwa hilo, ana siku 30 za kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine isiyo ya kufukuzwa ina siku 60. Siku hizo ni chache na watu huzimaliza wakimbembeleza bosi. Vyama vya wafanyakazi navyo vipo: TPAWU kwa watu wa mashamba, TUICO viwandani, CHODAWU mahotelini. Kama sehemu ya kazi ina tawi, malalamiko yapitie kwa kiongozi wa tawi.

Na mtu yeyote asitie sahihi barua inayosema ameacha kazi kwa hiari yake kama hakuacha. Waajiri wengi huitoa siku ya mwisho pamoja na malipo ya siku zilizobaki. NSSF ina fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18, theluthi ya mshahara kwa muda wa miezi sita, lakini ni la aliyeachishwa. Aliyejiandika kuwa ameacha mwenyewe amejitoa.

Kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya kuhesabu hisa, waambie wanachama waje na slipu tatu za mwisho na NIDA. Pitia slipu moja baada ya nyingine kwa ile hesabu ya mistari minne, na kila mwenye NSSF aombe taarifa yake ya michango wiki hiyo hiyo. Lakini shemeji asingoje kikao. Jumatatu asubuhi msindikizeni Ofisi ya Kazi, wewe na mkewe, mkiwa na karatasi za Bombo. Wakikutajeni ofisi nyingine, ombeni waandike jina la ofisi na jambo mnalotakiwa kupeleka. Niandikie walichokujibuni, pamoja na tarehe, tuendelee kutoka hapo.

Shangazi